"Mfumo Umegoma": Ni Nani Hasa Aliyegoma?

Ile kauli ya zamani ya ofisini, "njoo kesho", imepata mrithi, naye ni "mfumo umegoma". Mwananchi aliyefuata hati yake, mwanafunzi aliyefuata matokeo yake, hata mtumishi wa idara moja anayehitaji taarifa kutoka idara ya jirani, wote hujibiwa hivyo hivyo na wote huondoka bila hoja. "Njoo kesho" ilikuwa na mwenyewe. Ungeweza kumtazama usoni aliyeitamka na kumuuliza kwa nini iwe kesho. "Mfumo umegoma" haina mwenyewe. Mgomo, katika historia ya vyama vyetu vya wafanyakazi, ni tendo la watu wenye madai. Mfumo hauna madai. Kila tunaposema umegoma, kuna uamuzi wa mtu fulani tunaoufunika shuka.

Mimi ni mwalimu wa sayansi za jamii na kompyuta si fani yangu. Hata hivyo, mwaka huu nimelazimika kukaa karibu na tatizo moja dogo la kiufundi hadi likatatuliwa, na nimeona kwamba ukilifungua polepole linaeleza siasa ya kushirikiana kuliko warsha nyingi nilizowahi kuhudhuria. Tatizo lenyewe ni hili: kompyuta mbili zenye mifumo endeshi tofauti, moja ina faili, nyingine inazihitaji, na zote zimo katika mtandao mmoja. Kwa nini zisipeane?

Nieleze kwanza kilichokuwa hatarini. Kwa miaka mingi wanafunzi tunaowasimamia wamekuwa wakirekodi masimulizi ya wazee kuhusu ardhi: nani alilima wapi, mpaka ulipita kwenye mti gani, nani alihamishwa na kwa ahadi ipi. Baadhi ya wazee hao wamekwishatangulia mbele ya haki, na sauti zao zimebaki mahali pamoja tu, katika kasha dogo la diski lililounganishwa na mtandao wa ofisi. Kompyuta za ofisini, ambazo zote zinatumia Windows, zilikuwa zikilifungua kasha hilo bila shida. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, ambaye tasnifu yake inategemea masimulizi hayo, anatumia kompyuta mpakato ya mtumba yenye Linux, kwa sababu Linux haidai ada ya leseni. Yeye hakuweza kulifungua. Alipouliza, jibu la kwanza alilopewa lilikuwa: "Huo mfumo wako hauendani na wetu. Tafuta kompyuta ya kawaida."

Neno "kawaida" ndilo lililonifanya niingilie kati. Katika siasa, anayeitwa wa kawaida ni yule ambaye masharti yalitungwa akiwa ndani ya chumba. Mwingine yeyote huambiwa kwamba tofauti yake ndiyo tatizo.

Tulikaa watatu: mwanafunzi huyo, fundi wetu kijana, na mimi. Jambo la kwanza alilotufundisha fundi ni kwamba kati ya kompyuta na folda iliyoko kwenye mashine nyingine kuna milango minne, na kila mlango ukifungwa, aliye nje huona kitu kile kile: haiwezekani. Kazi ya utatuzi ni kujua umesimama mbele ya mlango upi. Anayerukaruka, akibadili hiki na kile kwa kubahatisha, anaweza hata kufanikiwa, lakini hatajua alichofungua wala alichokiacha wazi.

Mlango wa kwanza ni njia. Je, mashine hizi mbili zinafikiana? Mwanafunzi alikuwa tayari na malalamiko yake. "Mwalimu, kompyuta inasema mashine mwenyeji imezimika, lakini mbona taa zake zinawaka?" Fundi akatuma ujumbe mfupi wa majaribio kwenda kwenye kasha, likajibu mara moja. Akakagua mlango namba 445, ambao ndio hutumika kwa kazi ya kugawana faili, akaukuta wazi. Njia ilikuwepo. Kwa hiyo ule ujumbe wa hitilafu namba 112, uliodai kwamba mwenyeji amezimika, haukuwa wa kweli. Mwenyeji alikuwa hai, tena akihudumia ofisi nzima saa ile ile.

Mlango wa pili ni lugha. Faili za Windows hugawanywa mtandaoni kwa itifaki iitwayo SMB, na itifaki hiyo ina vizazi. Kizazi cha kwanza kilianzia IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Microsoft ikakiendeleza. Vizazi vya pili na vya tatu vilifuata baadaye vikiwa na ulinzi bora. Kompyuta ya mwanafunzi ilikuwa na Linux mpya. Tangu toleo la 4.13 la kiini cha Linux, lililotoka Septemba 2017, Linux haianzi tena mazungumzo kwa lugha ya kizazi cha kwanza isipokuwa ikiamriwa waziwazi. Kasha letu la zamani lilijua lugha hiyo pekee. Mgeni alibisha hodi kwa lugha mpya, mwenyeji hakuielewa, akanyamaza, na ukimya ule ukatafsiriwa kuwa ni kifo.

Ningependa wanaharakati watafakari hapo kidogo. Ni mara ngapi tumetangaza kwamba wananchi wa mahali fulani "wamelala", ilhali sisi ndio tulioita kwa lugha wasiyoitumia?

Ufumbuzi wa haraka ulikuwepo. Katika amri ya kupachika folda, yaani kuifanya folda ya mbali ionekane kama sehemu ya kompyuta yako, unaongeza maneno machache tu, `vers=1.0`, na Linux inakubali kurudi kwenye lugha ya zamani. Ni kazi ya dakika moja. Ushauri huu umejaa mtandaoni, na wengi wanaoufuata hawaelezwi kwa nini lugha ile iliachwa.

Iliachwa kwa sababu ya yaliyotokea. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu lililokuwamo katika namna Windows inavyotumia kizazi cha kwanza cha SMB. Ofisi nyingi duniani hazikulisakinisha. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichopewa jina la WannaCry kiliingia kupitia tundu hilo hilo, kikayafunga mafaili ya watu na kudai fidia ili yafunguliwe. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika. Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu na kuwaelekeza wagonjwa kwingine. Watu walikosa huduma ya afya kwa sababu ya mlango wa kugawana faili ambao mtu fulani aliuacha kwa kuwa "unafanya kazi".

Kwa hiyo tulikuwa na hiari mbili. Tungemshusha mgeni hadi kwenye lugha ya hatari, au tungempandisha mwenyeji. Hiari ya kwanza ingemgharimu mwanafunzi peke yake na ofisi isingeguswa. Ya pili ingeigharimu ofisi alasiri moja ya kazi. Fundi alinakili kwanza masimulizi yote kwenye diski nyingine na kuhakikisha yanasikika, ndipo akasakinisha sasisho ambalo mtengenezaji wa kasha alikuwa amelitoa miaka kadhaa nyuma bila mtu kulitafuta. Kasha likajifunza kizazi cha pili cha SMB, naye akakizima kile cha kwanza. Kompyuta za ofisini hazikugundua mabadiliko yoyote, kwa kuwa zenyewe zilikuwa zinajua lugha zote mbili tangu mwanzo.

Hitilafu namba 112 ikatoweka. Mahali pake ikaja namba 13: ruhusa imekataliwa. Mwanafunzi alivunjika moyo, lakini fundi alitabasamu. Kukataliwa, alisema, ni hatua. Maana yake sasa wanaongea.

Mlango wa tatu ni utambulisho. Kasha lilikuwa na akaunti moja tu, ya "ofisi", na nywila yake ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kompyuta za Windows tangu siku za mtumishi aliyekwisha kuhamishwa. Hakuna aliyeikumbuka. Kompyuta za ofisini ziliingia kwa mazoea, mgeni aliulizwa "wewe ni nani?" akakosa jibu linalotambulika. Njia ya mkato hapa ni kuruhusu wageni wasio na jina. Siku hizi hata Windows yenyewe huikataa: tangu mwaka 2017 baadhi ya matoleo yake hayakubali tena kuingia kwenye folda ya mtandaoni kama mgeni asiyejitambulisha.

Wapo watakaoona kwamba akaunti ya pamoja ni ujamaa. Nadhani sivyo. Mali ya pamoja huhitaji daftari la majina kuliko mali ya mtu binafsi. Kwa akaunti moja ya watu wote, faili ikifutwa hakuna aliyeifuta, na simulizi likibadilishwa hakuna aliyelibadilisha. Mtumishi wa umma anajua vizuri barua isiyo na saini ina thamani gani. Fundi alifungua akaunti kwa kila mtu, na mwanafunzi akapata yake kwa jina lake.

Mlango wa nne ni ruhusa, nao una kufuli mbili. Ya kwanza ipo kwenye tangazo la folda katika mtandao. Ya pili ipo kwenye folda yenyewe ndani ya diski. Zote mbili lazima zikubali, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Wengi hufungua ya kwanza, wanakuta bado wamezuiwa, wanachanganyikiwa. Kisha hushika nyundo kubwa kuliko zote: huandika `777`, tarakimu tatu ambazo katika Linux humaanisha kila mtu asome, kila mtu aandike, kila mtu atekeleze. Kufuli hufunguka. Na nyumba nzima pia.

Hapa nilikuwa na neno la kusema mimi, nisiye fundi. Baadhi ya wazee wale walizungumza kwa sharti kwamba majina yao yasitoke wakati mashauri ya ardhi hayajaisha. Ridhaa yao ilitolewa kwa mtafiti, haikutolewa kwa kila anayepita kwenye mtandao wa chuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeliweka jambo hilo katika maandishi, lakini hata bila sheria ni suala la uungwana. Tuligawa makundi mawili: wanaosoma, na wanaosoma na kuandika. Masimulizi yenye masharti yaliwekwa katika folda yake, na orodha ya wanaoifikia ina majina machache tu.

Yalibaki mambo madogo, nayo hayakukosa fundisho. Folda ilipopachikwa, Linux ilionyesha kwamba kila faili ni mali ya msimamizi mkuu wa kompyuta, hivyo mwanafunzi aliweza kusoma lakini hakuweza kuhifadhi maelezo yake. Ilibidi amri itaje kwamba mwenye kiti hicho ni yeye. Kisha kulikuwa na majina. Linux inaruhusu nukta pacha katika jina la faili, Windows hairuhusu. Rekodi alizozitaja kwa saa, kama `14:30`, wenzake wa ofisini wangeziona kwa majina yasiyosomeka. Linux pia huhesabu herufi kubwa na ndogo kuwa tofauti, kiasi kwamba "Mzee" na "mzee" ni faili mbili, wakati Windows kwa kawaida huona moja. Ikabidi pande zote mbili zikubaliane namna ya kutaja vitu. Hakuna aliyeshindwa katika makubaliano hayo. Kila upande uliacha kitu.

Sasa nirudi kwenye ile kauli, "mfumo wako hauendani na wetu". Je, Linux ilijuaje kuzungumza SMB hata kidogo, ikiwa lugha hiyo ilikuwa mikononi mwa Microsoft? Jibu lake lina historia ambayo kila mwanafunzi wa siasa anapaswa kuijua.

Mwishoni mwa mwaka 1991, Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alitaka kompyuta yake ya mezani ifikie faili zilizokuwa kwenye mashine ya Unix. Hakuwa na maelezo ya itifaki iliyotumika. Alichofanya ni kusikiliza: alitazama ujumbe uliopita kati ya mashine mbili, akaona swali gani huzaa jibu gani, akaandika programu ya kujibu vivyo hivyo. Baadaye yeye mwenyewe aliifananisha njia hiyo na mtu anayejifunza Kifaransa kwa kukaa mkahawani na kusikiliza wateja na mhudumu. Alipohitaji jina jipya la programu yake, alipekua kamusi kutafuta neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo, akapata Samba. Leo Samba, au programu za jamaa yake, zimo ndani ya makasha mengi ya kuhifadhia faili, la kwetu likiwemo. Kwa maneno mengine, kile chombo kilichosemwa ni cha Windows, na kilichomkataa mtumiaji wa Linux, kwa ndani kilikuwa Linux.

Lakini kusikiliza mkahawani kuna mwisho. Kila lugha ilipobadilishwa, wasikilizaji walianza upya. Linganisha na NFS, itifaki ya kugawana faili ambayo Sun Microsystems ilianza kuitoa mwaka 1984. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1989, yeyote ayasome. Ni kampuni hiyo hiyo ya Sun iliyolalamika Ulaya mwaka 1998 kwamba Microsoft inaficha taarifa ambazo wengine wanazihitaji ili mashine zao zielewane na za Windows. Machi 2004 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe taarifa hizo. Septemba 2007 mahakama ya Ulaya iliukubali uamuzi huo katika mambo yake makuu. Desemba mwaka huo huo maelezo ya itifaki yakapatikana kwa watengenezaji wa Samba, kupitia taasisi maalumu, kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000.

Ndiyo maana nasema kwamba tofauti haijawahi kuwa kikwazo cha mashine kushirikiana. Kikwazo kilikuwa masharti ya ushirikiano kufichwa, na kilipungua pale ambapo mamlaka ya umma ilidai masharti hayo yawekwe wazi.

Serikalini kwetu siku hizi kuna msemo umeenea: mifumo isomane. Ni msemo mzuri, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imetupatia mamlaka ya kuusimamia. Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Ninachohofia ni kwamba "kusomana" kutaeleweka kuwa ni wote kununua kitu kimoja kutoka kwa mchuuzi mmoja. Watu wawili hawasomani kwa kuwa wana kalamu za aina moja. Wanasomana kwa kuwa alfabeti ni ya wote.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, ombi langu ni dogo. Mnapoandika zabuni ya mfumo, andikeni ndani yake kwamba maelezo ya namna ya kuzungumza nao ni mali ya umma, na kwamba masasisho ni wajibu wa mkataba, si hisani. Wanaharakati, mnapodai taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, dainini pia zije katika umbo linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Taarifa iliyotolewa lakini haifunguki, haijatolewa. Nanyi wanafunzi, msikubali "mfumo umegoma" kuwa ndilo jibu la mwisho. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni: ni njia, ni lugha, ni utambulisho, au ni ruhusa? Mkishajua mlango, ulizeni ufunguo wake anao nani.

Mwanafunzi wangu sasa anasikiliza masimulizi ya wazee kutoka kwenye kompyuta yake ya mtumba, na sura ya pili ya tasnifu yake iko mezani kwangu. Fundi ameandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: anwani ya folda, kizazi cha itifaki kinachokubalika, namna ya kuomba akaunti, herufi zisizoruhusiwa katika majina, na jina la anayehusika endapo kutatokea hitilafu. Umebandikwa ukutani juu ya kasha. Kwa muda wote ambao kasha hilo limekuwapo ofisini, hayo ndiyo masharti yake ya kwanza kuandikwa.